Sanduku la Nyimbo la Babu (kikundi cha ukoo, watu 23)

Shangazi Rukia: Asalaam aleikum. Jumamosi tunafungua sanduku la nyimbo la marehemu Baba, ile jukebox yake ya sahani za santuri. Arusi ya Salma iko karibu na lazima liimbe. Kila mtu aseme analeta nini

Shangazi Rukia: Jana nililiwasha. Kigari cha kuchukua sahani kikatembea vizuri, kikasimama, sahani ikabanwa wima. Basi ikazunguka kama gari linalovutwa kwenye tope

Shangazi Rukia: Mbona kimya? Naona mmesoma watu 17

Hassan: Shangazi lichomoe kabisa. Mota ikivuma bila kuzunguka koili inaungua, na koili za sanduku la Seeburg M100B ya 1950 hutazipata dukani

Juma: Si umeme huo? Sanduku la Marekani linataka hezi 60, kwetu 50. Sahani ya mizunguko 45 kwa dakika inashuka mpaka 37 na nusu

Hassan: Babu alishalirekebisha zamani. Hili likiwa baridi linavuta, likishika joto linachangamka kidogo. Hiyo ni grisi iliyoganda

Mwajuma: Kama mume wangu asubuhi 😂

Juma: 😂😂😂

Shangazi Rukia: Tuko kwenye mambo ya maana. Hassan endelea

Hassan: Giaboksi ifunguliwe, grisi ya zamani ikwanguliwe kwa kijiti, si kwa bisibisi. Gia za chuma zioshwe kwa mafuta ya taa na brashi. Koili za mota zisiguswe na mafuta hayo, zipanguswe tu kwa kitambaa kikavu. Na zile washa (vipete bapa) nyembamba kwenye shafti zihesabiwe. Ukikosea moja, gia inalia au inakaza

Hassan: Bushi zile za shaba ni kama sifongo, zinanywa oili. Tone mbili tatu za oili nyepesi namba 20. Si oili ya injini ya gari, ile ina dawa ya kusafishia, uchafu unaelea na kuziba vitundu

Shangazi Rukia: Na dawa ya kopo ya kupulizia ISIJE. Mwenyewe anajijua

Mwajuma: Ayaa 🙈

Shangazi Rukia: Ilirukia kwenye swichi, ikashika vumbi, nyimbo 100 zikabaki 30. Miaka minne sasa sijasikia pole

Ami Idi: Rukia nilikuomba radhi siku ile ile. Ulikuwa umefunga mlango

Juma: Jamani, Salma mwenyewe anataka DJ

Salma: Sijasema hivyo!!

Bibi: 🎤 1:48

Hassan: Kwa wasioweza kusikiliza. Bibi anasema babu yenu hakuhesabu washa kwa kichwa. Alizipanga kwenye kitambaa cheupe kwa mfuatano zilivyotoka, na aliyekuwa akimshikia taa ni Idi, tangu ana miaka minane. Idi atafungua. Rukia atashika taa

Shangazi Rukia: Sawa Mama

Mwajuma: 🤲

Ami Idi: Nimesikia Mama

Hassan: Ami, grisi mpya iwe kidogo, ipakwe kwenye meno ya gia tu. Ukijaza, ikipata joto inatoka na kufuata shafti mpaka kwenye mota

Ami Idi: Baba alikuwa akipaka kwa kidole cha mwisho. Halafu anazungusha shafti kwa mkono mpaka asikie haina kizuizi. Ndipo anachomeka

Shangazi Rukia: Mafuta ya taa nani analeta? Oili?

Shangazi Rukia: ?

Ami Idi: Jumamosi niko kazini. Jumapili baada ya adhuhuri?

Shangazi Rukia: Jumapili wakwe wa Salma wanakuja

Juma: Wakwe washike taa

Shangazi Rukia: Juma

Mjomba Seif: Nimeona sasa hivi. Sanduku gani? Lile si liliuzwa?

Ami Idi: 📷

Ami Idi: Kitambaa cha Baba ninacho. Bado kina alama za grisi, duara moja moja, kwa mfuatano wake

Shangazi Rukia: Idi

Shangazi Rukia: Nitaongea na wakwe kuhusu Jumapili. Oili bado hakuna aliyejibu