Model Y na tela la boksi, Drammen hadi Trondheim: chaji itanifikisha wapi?

Msambaa_Drammen

Wakuu, salaam. Mwisho wa mwezi nahamia Trondheim kikazi, humu humu Norway. Gari ni Tesla Model Y ya kuvuta magurudumu yote, ndoano ya tela ipo. Bila tela, kwa hali hii ya hewa napata kilomita 400 na ushee, sina lawama. Sasa nataka kukodi tela la boksi, lile refu lenye milango nyuma, nipakie kitanda, friji, mashine ya kufulia, makorokoro ya watoto, na makochi ambayo mama watoto hataki hata kusikia habari ya kuyauza. Nakadiria mzigo kilo 600.

Jamaa mmoja kazini kaniambia umbali utakatika nusu. Mwingine anasema kilo 600 ni abiria nane tu, nisibabaike. Nani mkweli? Njia ni barabara kuu ya E6 kupitia Dovre, na ule mlima ndio unaoninyima usingizi. Halafu vituoni unachajije ukiwa na tela nyuma?

DizeliForever

Pole mkuu. Hilux yangu najaza tangi Oslo, nakula mzigo tani mbili, Trondheim naingia na mafuta ya kurudia nusu ya njia. Azima gari la mwanaume uhame kwa amani 😂

MzigoHamar

Aliyekwambia nusu ndiye mkweli, ila muulize sababu, atakutajia uzito, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Nakaa Hamar, wikiendi kazi yangu ni kuhamisha watu, na chombo ni Model Y kama yako. Kila mteja ananiuliza gari linavuta kilo ngapi. Kimo cha mzigo hakuna anayekiuliza.

Tupige hesabu kwa uniti, hizi hizi za LUKU, kWh moja ni uniti moja. Betri yako weka uniti 75. Ukitembea kilomita 80 kwa saa bila tela, gari linakula kama 15 kwa kilomita 100. Funga tela ambalo pamoja na mzigo linafika tani moja: matairi yake kuviringika kwenye lami yanadai uniti 3 hivi kwa kilomita 100. Basi, hiyo ndiyo gharama ya uzito kwenye tambarare. Sasa njoo kwenye boksi lenyewe. Upana karibu mita mbili, linapita paa la gari lako kwa karibu mita nzima, na uso wake bapa kama kabati. Hewa inayoligonga mbele, na ile inayovurugika nyuma yake na kulivuta kinyume, inadai uniti 12, siku ya upepo mkali zaidi. Jumlisha, uko 30. Nusu yako hiyo hapo, na sehemu kubwa imeliwa na hewa.

Tena hewa inadai kwa mraba wa mwendo. Toka 80 nenda 100, ukinzani wake unapanda kwa zaidi ya nusu. Bahati nzuri hapa Norway sheria imekuamulia: ukiwa na tela lenye breki zake mwisho ni 80, hata pale kibao cha E6 kinaposema 110. Kaa kulia na malori, sikiliza redio. Ila usijibanze nyuma ya lori eti likukingie upepo. Ukiwa na tela breki zinahitaji nafasi.

Dovre inatisha kuliko inavyokula. Kilele cha barabara karibu na Hjerkinn ni mita 1,026. Kupandisha tani tatu, yaani gari na tela, kutoka usawa wa bahari hadi pale ni uniti 8 na kidogo, chini ya asilimia 12 ya betri, na unazilipa kidogo kidogo njia nzima ya bonde la Gudbrandsdalen. Ukishuka kuelekea Oppdal mota inageuka jenereta, sehemu ya hizo uniti inarudi. Jambo moja tu: usichaji hadi 100 ukiwa juu mlimani. Betri iliyojaa haina pa kupokea umeme wa mteremko, utabaki na breki za miguu na tela linakusukuma.

Huyu bwana wa Hilux tumsamehe, lakini maneno yake yanazaa swali zuri: kwa nini dizeli haisikii? Lita moja ya dizeli ina nishati ya kama uniti 10. Tangi lake la lita 80 ni uniti 800. Betri yako yote ni sawa na lita saba na nusu! Umekuwa ukizunguka Norway na kidumu cha mafuta, kwa sababu mota ya umeme karibu haimwagi kitu. Injini yake zaidi ya nusu ya nishati inatoka kama joto, mzigo au bila mzigo. Akiongezewa tela anaona kwenye risiti. Wewe unaona kwenye kioo papo hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu: achana na boksi. Kodi tela la wazi lenye ubavu mfupi, pakia lisipite paa la gari, kaza turubai lisipigepige. Hapo utakula 21, 22. Tofauti ya 22 na 30 kwenye safari yako ya kilomita zaidi ya 500 ni kituo kizima cha kuchaji, na pengine kinachofuata unakifanya kifupi. Friji uza huko huko Drammen, hazina bei.

Ukishikilia boksi, ondoka na asilimia 100, simama Hamar, Vinstra, Dombås, Oppdal. Zile kilomita zinazoandikwa pembeni ya alama ya betri zipuuze, hazijui kama una tela. Tembea kilomita 20 za kwanza, soma ulaji halisi, gawanya mwenyewe.

Kuchaji: maegesho mengi ni ya kurudi kinyumenyume, na ukibaki na tela unaziba watu. Utalifungua, uliegeshe pembeni, uchaji, urudi kulifunga. Hakikisha gurudumu dogo la mbele la tela linazunguka vizuri kabla hujasaini karatasi za kukodi. Kaguaga pia tairi zake, tela za kukodi mara nyingi upepo uko chini. Chukua glovu na kufuli. Vipo vituo vya kupita moja kwa moja kama sheli, vitafute kwenye ramani kabla ya safari, usivitafute una asilimia 9.

MamaNeema_Lhammer

Kaka Msambaa, kabla ya uniti angalia leseni. Daraja B tupu: tela likiwa na uzito ulioruhusiwa unaozidi kilo 750, basi uzito ulioruhusiwa wa gari ukijumlisha wa tela usipite 3,500. Wanasoma kilichoandikwa kwenye kadi, siyo ulichopakia. Model Y peke yake inakula karibu 2,500 ya hiyo hesabu. Maboksi mengi ya kukodi yameandikwa 1,300 na kuendelea, hata likiwa tupu utakuwa umevunja sheria kama leseni yako haina nyongeza ya tela kubwa, B96 au BE.

Iowa_Boy

Huku Marekani ni hivyo hivyo. Nina F-150 Lightning ya betri kubwa, uniti 131, kiwandani wanasema maili 320. Nikifunga boksi refu napanga safari kwa maili 130. Nikifunga tela bapa la kubebea trekta dogo la kukatia nyasi, ambalo ni zito kuliko boksi, nafika mbali zaidi. Kimo, kimo, kimo.

DizeliForever

Lita saba na nusu?? Haya, hapo nimenyamaza.

Msambaa_Drammen

Dada MamaNeema umeniokoa, nimetazama: boksi nililotaka ni 1,400 na leseni yangu ni B tupu. Limekufa. Tela la wazi basi, lipo la kilo 750. MzigoHamar, friji nimeitangaza. Makochi yamepita kwa kura moja ya turufu. Nikiyalaza juu ya mbao za kitanda yanapita paa kama sentimita 20. Na hiyo 750, tela lenyewe si lina uzito wake?

MzigoHamar

Linao, kama kilo 200, kwa hiyo mzigo wako ni 550. Mashine ya kufulia ipakie kwenye gari, kunja viti vya nyuma, inaingia. Vitabu na vyombo pia.

Sentimita 20 hazina neno mradi mbele turubai lipande kwa mteremko. Kochi lenye mgongo wa kulala litangulie, lisisimame wima kukabili hewa. Vizito viweke juu ya ekseli, kidogo kuelekea mbele. Ukijaza nyuma tela litaanza kucheza ukishuka kutoka Dovre. Kiwango cha uzito unaokaa juu ya ndoano kimeandikwa kwenye kadi ya gari, usikizidi. Ukifika Hamar niandikie, kituo kiko dakika tano kutoka kwangu, nitakuja na kamba za kukazia.