Lucky Dube alitokaje kwenye mbaqanga hadi rege, na je, njia hiyo inapitika kwa mwanamuziki aliye Tanga?

Sauti ya Mabawa:

Ndugu wanajukwaa, natumaini hamjambo. Ninaishi Mabawa, hapa Tanga mjini, na tangu nilipomaliza shule nimekuwa nikiimba rege kwa Kiswahili. Ninapata mwaliko hoteli za upande wa Raskazone mwisho wa wiki, na mara moja moja harusi ambayo mwenye shughuli ana moyo wa kutofautiana na majirani zake. Mwenye studio mmoja ameniambia bila kuficha kwamba nikimpelekea wimbo wa bongo fleva au singeli yuko tayari kunirekodi kwa mkopo, lakini kwa rege lazima nilipe kwanza, kwa kuwa haoni nani atakayeutaka.

Ninajua kwamba Lucky Dube, yule nyota wa rege wa Afrika Kusini, hakuanza na rege. Alianza na mbaqanga, muziki wa dansi wa Afrika Kusini wenye asili ya Kizulu, na muziki huo ulikuwa ukimlipa. Ninachotaka kufahamu ni namna gani mtu aliyekwisha kupata soko lake aliweza kuingia katika muziki ambao hakuna aliyemwomba auimbe, asipoteze kila kitu, na kama hatua alizopitia zinaweza kumfaa mtu wa hapa. Naomba wanaoijua historia yake waniambie mambo yalivyofuatana. Sifa zake nyingine ninazifahamu.

Mzee wa Kanda:

Mdogo wangu, umeuliza jambo ambalo wapenzi wengi wa rege hulipita haraka, maana humwanzia Lucky Dube kwenye albamu ya Slave ya mwaka 1987, kana kwamba hapo nyuma hakukuwa na mtu.

Alizaliwa Ermelo, Afrika Kusini, tarehe 3 Agosti 1964, akalelewa na bibi yake kwa sababu mama alilazimika kwenda mbali kutafuta kazi. Alifanya kibarua cha bustani angali mdogo, akaimba kwaya shuleni, kisha akaingia katika kikundi cha mbaqanga kilichoitwa The Love Brothers, huku akijikimu kwa kazi ya ulinzi kwenye minada ya magari. Binamu yake, Richard Siluma, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya kurekodi ya Teal, na mlango ulifunguka kwa njia hiyo. Albamu ya kwanza ilirekodiwa wakati wa likizo, kwa kuwa kijana mwenyewe alikuwa bado mwanafunzi.

Jibu la swali lako liko katika kipindi kinachofuata. Angali mwimbaji wa mbaqanga, alianza kuchomeka wimbo mmoja mmoja wa rege katikati ya maonyesho yake, akaona kwamba watu wanaupokea. Alikuwa akiwasikiliza Peter Tosh na Jimmy Cliff, waimbaji wa rege wa Jamaika, na aliona kwamba maneno ya rege yanaingia moja kwa moja katika maisha ya watu wanaotawaliwa na makaburu. Mwaka 1984 ikatoka Rastas Never Die, albamu fupi, ambayo iliuza takriban nakala 4,000 tu, wakati albamu zake za mbaqanga zilikuwa zikifikia kama 30,000. Mwaka uliofuata serikali ikaipiga marufuku kwa sababu ya maneno yake. Kwa hesabu za kampuni yoyote, habari ya rege ingekuwa imeishia hapo. Yeye aliendelea kuziimba nyimbo zile zile jukwaani, akarudi studio mwaka huo huo wa 1985 kurekodi Think About the Children, na hiyo ikanunuliwa kwa wingi hata ikatunukiwa daraja la platinamu.

Kwa hiyo hakuhama kwa siku moja, wala hakumwomba ruhusa mwenye studio. Aliwajaribu wasikilizaji kwanza, huku mbaqanga ikiendelea kumlisha, na alipoingia kurekodi alikuwa na uhakika ambao kampuni haikuwa nao. Mwaka 1991 alipanda jukwaa la tamasha la rege la Reggae Sunsplash nchini Jamaika, na watazamaji walimrudisha aimbe kwa dakika 25 zaidi, jambo ambalo hakuna msanii mwingine aliyefanyiwa mwaka ule. Kama unaimba hotelini, chomeka nyimbo zako kati ya zile wanazozitaka wageni, kisha uangalie ni upi unaowafanya waache vijiko.

Mgosi wa Pongwe:

Mzee wa Kanda, shikamoo. Historia umeieleza sawasawa, lakini sehemu ya ushauri sikubaliani nayo yote. Mgosi mwenzangu wa Mabawa asije akadhani kwamba ukaidi peke yake ndio uliomfikisha Lucky alikofika. Yule alikuwa na ndugu ndani ya kampuni, na kampuni yenyewe ilikuwa na uwezo wa kutoa santuri na kanda na kuzisambaza hadi kwenye maduka ya vitongoji. Zile nakala 4,000 tunazoziita kushindwa, ni mwanamuziki gani wa Tanga leo anayeweza kuziuza kwa fedha taslimu? Muziki sasa unasikilizwa kwenye simu, na kinachorudi mfukoni mwa msanii kutokana na usikilizaji huo ni kidogo sana kama hana wasikilizaji wengi mno. Fedha ya kweli iko kwenye kualikwa jukwaani.

Ninachokiona mimi cha kuigwa ni ile kazi ya ulinzi, ambayo mzee ameipitia kwa nusu sentensi. Mwanamuziki mwenye kipato kingine, hata kiwe kidogo, hawezi kulazimishwa na mwenye studio kuimba asichokitaka. Mwanamuziki anayesubiri wimbo umlipie pango atabadilishwa na mtu wa kwanza mwenye fedha.

Jambo jingine ni kwamba Tanga imekwisha kutoa mfano wake. Kundi la Wagosi wa Kaya lilipotoka hapa na wimbo wa Tanga Kunani, walisema shida za mji huu kwa lafudhi ya mji huu, na Dar es Salaam ikasikiliza. Justin Kalikawe naye alitoka Bukoba na rege ya Kiswahili, watu wakaipenda pamoja na kwamba Bukoba iko mbali na studio zote. Hao hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao.

Mwitikiaji wa Ngamiani:

Assalaam aleikum. Nimeona wanaume mmeshughulika na biashara, muziki wenyewe mmeuacha nje. Mimi ni mwitikiaji wa taarab, na nina neno juu ya kilichobaki katika sauti ya Lucky Dube baada ya yeye kuingia kwenye rege.

Msikilizeni vizuri. Hushuka hadi sauti nzito inayokaribia ile ya Peter Tosh, kisha katika wimbo huo huo hupanda hadi sauti nyembamba kabisa, na kina mama walio nyuma yake hawamwigi, bali humjibu. Mpangilio huo wa mwanamume anayenguruma na wanawake wanaoitikia kwa sauti zilizopangana umo ndani ya mbaqanga tangu zamani; Mahlathini na kundi la kina mama la Mahotella Queens walikuwa wameusambaza kabla Lucky hajajulikana. Alichofanya ni kuweka waitikiaji hao juu ya mdundo wa Jamaika. Ngoma kubwa na ile ndogo ya mkwaruzo hudundwa pamoja kwenye pigo la tatu, pigo la kwanza likiachwa wazi. Gitaa hukata kwa kifupi kwenye la pili na la nne. Besi ndiyo inayobeba wimbo. Kinanda chake nacho kina utamu ambao mtu hausikii katika rekodi za Kingston za miaka ya 1970.

Sasa sisi wa Tanga tuna nini cha kuweka juu ya mdundo huo? Vikundi vyetu vya taarab, Black Star na Lucky Star, viliingiza gitaa la umeme na besi katika taarab wakati kwingine watu walikuwa bado na fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na Shakila binti Saidi aliimba katika mpangilio huo hadi Afrika Mashariki nzima ikamjua. Mwanangu wa Mabawa, unao mji wenye besi nzuri na waitikiaji wanaojua kuvuta neno, lakini rekodi nyingi za rege ninazoletewa na vijana wetu zina mwimbaji mmoja na mdundo uliopakuliwa kwenye kompyuta. Jihadhari na jambo moja tu: chakacha, mdundo waliouzoea waimbaji wa taarab, huenda kwa hesabu ya sita na rege huenda kwa nne, kwa hiyo waitikiaji wa taarab wakiingia bila mazoezi watafika mwisho wa mstari kabla yako. Wafanyishe mazoezi na mpiga besi kwanza, gitaa lije baadaye.

Sauti ya Mabawa:

Ninawashukuru nyote, na nimeyapokea ya mgosi pamoja na ya mama. Limebaki moja. Nyimbo zangu nyingi ni za kupinga dhuluma kwa ujumla, na nimeona hapa mjini watu wazima huniona mhuni hata kabla sijafika kwenye kiitikio. Je, Lucky hakupata taabu hiyo?

Mzee wa Kanda:

Aliipata, lakini mwenendo wake ulimsaidia, kwa kuwa hakuwa mnywaji wala mvutaji, na nywele zake ndefu hazikuwapa watu la kusema zaidi ya hapo. Hata hivyo, mimi ninaona sababu kubwa iko kwenye maneno. Watu humkumbuka kwa siasa, lakini wimbo wa Slave unamhusu mtu aliyefungwa na pombe, na Remember Me ni wa mtoto anayemwita baba aliyekwenda mjini akiahidi kurudi na asirudi. Hayo ni mambo ya nyumbani. Dhuluma ya makaburu imo humo humo, kwa sababu ndiyo iliyomwondoa baba, ila msikilizaji anaanza kumhurumia mtoto kabla hajafikiri juu ya serikali.

Wewe uko katika mkoa uliojengwa na mkonge. Mababu wa watu wengi unaopanda nao daladala waliletwa kama manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, kutoka Kigoma, Songea na kwingineko, wakaacha wake na watoto, na wengi hawakurudi makwao. Sijasikia rege hata moja inayomtaja mtu mmoja wa namna hiyo, kambi aliyolala na barua aliyoshindwa kuiandika. Acha dhuluma kwa ujumla. Mwimbe huyo, uone kama wazee watakuita mhuni.

Mkufunzi wa Bagamoyo:

Ninaongezea machache kutoka upande wa Bagamoyo. Kama unakosa wapigaji, usidharau vijana wanaohitimu TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi bado tunaiita Chuo cha Sanaa. Wanafundishwa ala za asili na za kisasa, na wengi wao wanatafuta bendi. Tamasha la kila mwaka la hapa nalo ni mahali pazuri pa kupima nyimbo mbele ya watu wasiokujua, jambo ambalo hoteli ya Raskazone haiwezi kukupa.

Jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kabla hujaanza kuomba maonyesho makubwa. Kuhusu nyimbo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda tangu zinapotungwa, lakini usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndio utakaokupa ushahidi siku ukigombana na mtu. Na kwa kuwa mama wa Ngamiani amekushauri kuwaingiza waitikiaji na mpiga besi, andikeni kwenye karatasi nani ametunga maneno, nani ametunga sauti na kila mmoja ana fungu gani, wote mtie sahihi kabla hamjaingia studio. Bendi nyingi ninazozifahamu zimevunjika kwa ajili ya karatasi hiyo kukosekana, tena baada ya wimbo kupendwa.