Shairi la kunguru: watoto hawacheki, kosa liko wapi?

Wino wa Makadara
Salaam wana jamvi. Natunga kitabu cha mashairi ya kuchekesha kwa watoto wa miaka 5 hadi 8, kurasa 22 za A5. Ubeti mmoja huu hapa:

Kunguru kala hamri
la moto kama tanuri
karuka juu ya paa nyanya asimwone
kumbe nyanya yuko nyuma yake na mwiko

Picha ni moja, inaonyesha yote hayo. Nikiwasomea, hawacheki.

Fundi Vina
Mistari miwili ya mwanzo ni mizuri sana, usiiguse: mizani (silabi) 8 kila mmoja, kina -ri. (Hamri ni mizani tatu, ha-m-ri, wengi huimeza hiyo m.) Wa tatu una mizani 14, wa nne 13, na kina kimepotea. Mtoto alikuwa ashaanza kutikisa kichwa kwa mapigo, ukamkwaza. Jaribu hivi:

Akajificha kwa siri
kumbe nyanya yu tayari!

Paa na mwiko nimeviondoa makusudi. Hivyo ni vya mchoraji.

Mchoraji Kisauni
Naam, na kicheko chako kinauawa na picha moja. Jicho la mtoto hufika kwa nyanya kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Gawa: mistari miwili ukurasa wa 4, "Akajificha kwa siri" ukurasa wa 5, ambao uko kulia. Hapo mchore kunguru juu ya paa la makuti, mdomo umevimba mwekundu kwa moto wa hamri, na pembeni kivuli cha mwiko tu. Mtoto afunue mwenyewe amkute nyanya ukurasa wa 6. Uso wa mtu usiuweke kwenye mkunjo wa katikati, utamezwa.

Mtambo Majengo
Kurasa 22 hazishoneki kwa pini. Lazima zigawike kwa 4, maana karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa 4. Fanya 24. Kila ukurasa uchorwe milimita 154 kwa 216, yaani A5 na ziada ya milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikiyumba kidogo utaona mstari mweupe ukingoni. Kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni kama pikseli 1819 kwa 2551. Maandishi yakae milimita 10 ndani, yawe meusi matupu. Ukiyachanganya na rangi nyingine tatu za mtambo, karatasi ikisogea kidogo herufi zitakuwa na vivuli. Ile buluu kali ya bahari unayoiona kwenye skrini itafifia ikichapwa, kwa hivyo omba nakala moja ya majaribio kabla ya kulipia zote. Na kwa unyevu wetu huu wa pwani, pini za kawaida hushika kutu zikachafua mkunjo. Ulizia zisizoshika kutu.

Wino wa Makadara
Shukran sana. Jaladani nimchore nyanya na mwiko wake?

Mchoraji Kisauni
La, hasha! Akionekana jaladani, ukurasa wa 6 hauna siri tena. Weka kunguru na sahani ya mahamri, moja limeng'atwa.