Spining au beitikasta? Naomba ushauri kabla sijanunua rili

Mgeni_Majini
Habari zenu wakuu. Nimekuwa nikivua kwa fimbo ya kuazima, sasa nataka kununua vifaa vyangu mwenyewe. Navua ziwani, mara nyingi nikiwa nchi kavu, mara mojamoja kwenye mtumbwi wa rafiki. Natumia vyambo bandia: vijiko vidogo na minyoo ya mpira, kati ya gramu 3 na 10. Tatizo ni kwamba upande mmoja wa ziwa una magugu na miti iliyozama, na samaki wakubwa wanajificha humo humo. Kuna aina mbili za rili, yaani kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo: spining na beitikasta. Rafiki yangu ananishauri niachane na spining, nichukue beitikasta moja kwa moja, eti ndiyo rili ya mvuvi aliyekomaa. Hela inatosha fimbo moja na rili moja tu. Nichukue ipi?

Chubwi
Spining. Gramu 3 na beitikasta ya kawaida haviivi chungu kimoja.

BintiNdoano
Kaka, anza na uzito wa chambo, mengine yatafuata. Hayo maneno ya kukomaa yaweke pembeni, samaki haangalii rili.

Kwenye spining, spuli inayobeba mshipi inatulia wakati wa kurusha. Mshipi unachomoka kwa mbele, duara baada ya duara, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye kichwa cha bobini. Mwingereza Alfred Illingworth, aliyepata hataza ya rili ya aina hii mwaka 1905, alikuwa mtu wa viwanda vya nguo, kwa hiyo uzi na bobini alivifahamu vizuri. Kwa kuwa hakuna kitu cha kuzungushwa, hata chambo chepesi kinaondoka na mshipi bila shida.

Kwenye beitikasta, spuli yenyewe ndiyo inayozunguka, na kinachoizungusha ni chambo kinaporuka. Chambo kikiwa chepesi hakina nguvu hiyo. Halafu kikikutana na upepo wa mbele kinapunguza mwendo, lakini spuli haina habari, inaendelea kuzunguka kwa kasi ileile. Mshipi unamwagika kuliko unaohitajika, unajisokota juu ya rili, na hapo unaanza kuchambua kitanzi kimojakimoja huku wenzako wanavua.

Beitikasta za kawaida zinaanza kufanya kazi kwa raha kuanzia gramu 10 hivi kwenda juu. Zipo za vyambo vyepesi, zenye spuli ndogo isiyobeba mshipi mwingi, lakini ukiipeleka hiyo kwenye magugu umeitafutia balaa. Kwa vyambo ulivyotaja, jibu ni spining.

MzeeWaMagugu
Simpingi dada hapo juu, ila tusimnyime kijana upande wa pili. Mimi sehemu kubwa ya uvuvi wangu ni ndani ya magugu, na huko siachi beitikasta.

Kwanza kidole gumba. Chambo kikiwa hewani unaigusa spuli taratibu, chambo kinapunguza kasi, kinatua kimyakimya pembeni ya gogo, pale pale ulipolenga. Kwenye spining unaweza kuuzuia mshipi kwa kidole cha shahada, lakini si kwa wepesi huo. Pili ni nguvu. Mshipi unaingia kwenye spuli moja kwa moja. Kwenye spining lazima ukunje kona kwenye kigurudumu kidogo kabla ya kujizungusha kwenye spuli. Ukiweka mshipi mnene wa kusukwa, wa kilo 20 na zaidi, na samaki mzito amejichimbia kwenye majani, utaiona tofauti. Pale hubembelezi, unamtoa kabla hajazunguka shina.

Kwa hiyo, mwanangu, jiulize: utakuwa wapi zaidi, kwenye maji ya wazi au kwenye magugu?

Mgeni_Majini
Asanteni sana, nimeelewa kuliko maelezo yote niliyosikia kabla. Shikamoo mzee. Kwa kweli nitakuwa kwenye maji ya wazi zaidi. Nikianza na spining, siku nikinunua beitikasta naweza kuifunga kwenye fimbo ileile?

Chubwi
Hapana. Rili ya spining inaning'inia chini ya fimbo, na pete ya kwanza ni kubwa ili iyakusanye yale maduara ya mshipi. Fimbo ya beitikasta inabeba rili juu, pete zake ni ndogo, na chini ina kikulabu cha kushikilia kidole. Kila rili na fimbo yake. Jambo jingine: mkono wa kuzungushia kwenye spining nyingi unahamishika kushoto au kulia. Kwenye beitikasta unachagua upande unaponunua, huubadilishi tena.

BintiNdoano
Chukua rili ya saizi 2500 na fimbo nyepesi ya wastani, ya mita 2 na kidogo. Mshipi wa kusukwa wa kilo 5 hivi unatosha, na mwishoni unga kipande cha florokaboni (mshipi mwangavu usioonekana kirahisi majini), kwa sababu mshipi wa kusukwa unaonekana majini na haupendi kusuguliwa na mawe. Kabla ya kuujaza, zungusha nailoni kidogo kwenye spuli. Ukiufunga wenyewe kwenye chuma kitupu unateleza, mshipi wote unazunguka na samaki anakwenda zake. Usijaze mpaka ukingoni, acha milimita 2 hivi.

Na hili naomba ulizingatie. Samaki akivuta na rili ikimwachia mshipi, usizungushe mkono. Rili yenye gia ya 5:1 inausokota mshipi mara 5 kwa kila mzunguko wa mkono ambao haukuvuta kitu. Ukifanya hivyo pambano zima, mshipi wako utaanza kujifunga mafundo wenyewe. Mwache avute, akichoka inua fimbo, kisha zungusha ukiishusha. Na baada ya kurusha, ule waya wa rili unaouelekeza mshipi kwenye spuli ufunge kwa mkono, usisubiri ujifunge kwa kuzungusha.

Mgeni_Majini
Nimeamua, nachukua spining 2500. Mzee, siku nikiifikia beitikasta nianzie wapi ili mshipi usinifumukie?

MzeeWaMagugu
Umechagua vizuri. Siku hiyo ikifika, funga chambo cha gramu 15 hivi, kizito cha kutosha lakini kisichokuchosha mkono. Inua fimbo, bonyeza kitufe cha kuachia spuli, kisha legeza ile skrubu ya pembeni inayobana spuli kidogokidogo mpaka chambo kianze kushuka polepole. Kikigusa chini, spuli isimame. Ikiendelea kuzunguka, kaza tena. Breki ya sumaku, ile inayopunguza kasi ya spuli, iweke juu kabisa, hata kama hutafika mbali, na uipunguze kadiri mkono unavyozoea. Ukibadilisha chambo, rudia kupima skrubu, kwa sababu uzito umebadilika.

Upepo uwe mgongoni. Rusha kwa mwendo laini, bila kukurupua mkono. Gumba lisiondoke mbali na spuli, na chambo kinapokaribia kugusa maji, likandamize, spuli isimame kabla chambo hakijatua.

Chubwi
Na fanyia mazoezi uwanjani kwanza, kwenye nyasi, na chubwi isiyo na ndoano.