Uzito au gia: kipi kinaamua gari dogo kali litachanganyaje?

Mtoa mada:
Wakuu, kila yakitajwa magari madogo yenye injini kali, Volkswagen Golf GTI na ndugu zake, lazima atokee mtu aseme uzito si tatizo, funga difu fupi tu, yaani gia ya mwisho kabla ya matairi yenye namba kubwa zaidi ya uwiano. Mimi napinga, na hesabu hii hapa.

Chukua gari la kilo 880, difu ya 3.5, gia ya pili yenye uwiano wa 2.0, na tairi inayokwenda mita 1.8 ikizunguka mara moja. Injini ikifika mizunguko 6,500 kwa dakika, gia ya pili imekufikisha kilomita 100 kwa saa. Sasa funga difu ya 3.9. Mvuto kwenye matairi unapanda kama asilimia 11 katika kila gia, na mgongo utausikia. Kisha ongeza kilo 100 za viti vizito, mota za vioo na vyuma vya kukinga ajali. Faida yote imeliwa. Katika gia ya pili gari linachanganya kama mwanzo, ila injini inalia zaidi na gia yenyewe inaishia kilomita 90.

Tazameni Golf GTI ya 1976: nguvu za farasi 110, uzito kama kilo 810. Kizazi cha tatu chenye valvu 8 kilikuja na farasi 115 huku kikivuka kilo 1,000. Kutoka kilo 7.4 kwa kila farasi hadi karibu 9! Ndiyo maana walioijua ile ya kwanza waliiona hii nzito.

Mchangiaji:
Mkuu, hesabu nimeikubali, lakini mbona umeiruka Peugeot 205 GTI? Ile ya 1.6 ya 1984 ilikuwa na farasi 105, ya 1.9 iliyofuata ikaja na 130. Hata hivyo wapo mpaka leo wanaoitaka ya 1.6, kwa sababu gia zake ni fupi na injini inapanda kwa hamu. Uzito wa hizo mbili haukupishana sana, kwa hiyo hiyo raha imetoka kwenye gia. Halafu kipimo cha sifuri hadi 100 kinaidhulumu difu fupi. Kwa mfano wako, ya 3.9 lazima iingie gia ya tatu kabla ya kufika 100, inapoteza muda kwenye klachi. Barabarani, ukitoka kona kwa kilomita 50, ndiyo itakayotangulia.

Mtoa mada:
Hapo kwenye kipimo cha 100 umesema kweli, na nakuunga mkono: namba hiyo peke yake inapotosha. Lakini 205 inanisaidia mimi. Gia zake fupi zilinoga kwa kuwa zilikuwa zinavuta kitu chepesi. Gia haiongezi nguvu ya injini hata kidogo, inachagua tu itumike katika kasi ipi. Suzuki Swift Sport ya turbo ina farasi 140 na kilo 975 hivi, na inachangamka kuliko namba yake ya farasi inavyoonyesha.

Kingine ambacho hakuna aliyekijibu: ukishika breki kali kabla ya kona, zile kilo 100 bado zinasukuma mbele, na ukikata usukani zinaelemea matairi ya mbele. Anayesema difu inafuta uzito atueleze, hapo difu inasaidia nini?