Fangasi anakua vizuri ila kimeng'enya hakitoki, naombeni ushauri

Kijana wa Uyole: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya, nafanya utafiti wa shahada. Kwenye udongo wa migombani Tukuyu nilipata Trichoderma, yule fangasi anayeanza mweupe kisha anageuka kijani. Nataka anizalishie selulasi, kimeng'enya kinachovunja selulosi kuwa sukari. Namlisha pumba za mpunga, chupa zinatikiswa kwenye nyuzi 28, pH (kipimo cha uasidi) ni 5. Awamu ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili nikaongeza glukosi asilimia 2 ili akue haraka. Siku ya tatu chupa ilikuwa nzito kama uji, lakini kimeng'enya karibu sifuri! Tena chupa mbili ziliingia bakteria, ingawa nilizichemsha kwenye sufuria ya presha dakika 15. Muda umenibana, nisaidieni.

Mzee wa Kuvu: Pole mdogo wangu. Glukosi ndiyo imekuponza. Fangasi akishakuta sukari tayari, anazima jeni za selulasi mpaka iishe. Kunenepa si kuzalisha. Itoe, bakiza pumba, upime kila siku kuanzia ya 3 hadi ya 8. Pima na pH. Kama nitrojeni unayomlisha ni amonia salfeti, akiila anaacha asidi na pH inaporomoka.

Binti Iringa: Naongezea ya huku kwetu milimani. Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Sufuria ikisoma presha ya psi 15, ndani ni kama nyuzi 118, haifiki 121 inayotakiwa kuua bakteria wote. Ipe dakika 40. Na kama unapima sukari kwa DNS, kemikali inayobadilika rangi ikichemshwa na sukari, chemsha sampuli na viwango vyako vya glukosi (miyeyusho ambayo kiasi chake cha sukari unakijua) pamoja, chombo kimoja, muda mmoja. Mstari wa viwango (grafu ya kugeuza rangi kuwa kiasi cha sukari) uliochorwa Dar usiuguse, kule maji yanachemka kwenye nyuzi 100, rangi haitalingana. Mimi nilipoteza muhula mzima hapo.

Kijana wa Uyole: Dada, mstari ninaotumia ni wa Dar kweli! Asanteni sana. Glukosi naitoa kesho. Pumba nizitumie hivihivi?

Mzee wa Kuvu: Hapana, zina vumbi la wanga na sukari. Zioshe kwa maji ya moto mpaka maji yatoke safi, uanike. Na kila sampuli iwe na pacha wake aliyechemshwa, kimeng'enya kikiwa kimekufa. Sukari utakayoikuta humo uitoe kwenye hesabu.