Makutano ya barabara yapewe majina ya wazee wa mahali pale au ya viongozi wa serikali? Tujadili

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tuliongee hili bila ushabiki wa vyama. Hapa Dar es Salaam, Mwenge, Morocco na Buguruni foleni bado ni ile ile, na ipo siku makutano hayo nayo yatajengewa barabara za juu. Safari hii tusisubiri kulisikia jina siku ya kukata utepe.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Tarehe 27 Septemba 2018 Rais Magufuli alizindua barabara ya juu ya Tazara, pale barabara za Nyerere na Mandela zinapokutana, akatangaza iitwe Mfugale. Mhandisi Patrick Mfugale alikuwa hai, tena yuko kazini, Mtendaji Mkuu wa TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Tarehe 24 Februari 2021 ikawa zamu ya Ubungo. Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, alikuwa ametangulia mbele ya haki wiki moja tu nyuma, na makutano yale ya ngazi tatu yakapewa jina lake. Wote wawili sasa ni marehemu, Mungu awarehemu, na sina neno baya juu yao. Mfugale alihangaika na madaraja ya nchi hii karibu maisha yake yote ya kazi, kwa hiyo anayesema daraja liitwe kwa jina la fundi wa madaraja namuelewa kabisa. Kijazi naye alikuwa mhandisi, alipita Wizara ya Ujenzi.

Kinachonikera ni namna majina yale yalivyopatikana. Mtu mmoja kasimama jukwaani, katamka, makofi, basi. Watu wa Ubungo waliovumilia vumbi, michepuko na biashara kufa muda wote wa ujenzi walilisikia jina pamoja na wageni waalikwa.

Linganisheni na zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti. Utaratibu ulitaka wananchi wakae kwenye mkutano wa mtaa, wapendekeze majina ya barabara zao, yapande kwenye kata hadi halmashauri. Najua kuna mitaa ambako mtendaji alijaza mwenyewe kwa sababu muda ulikuwa unambana, lakini kanuni ilikuwepo na ilikuwa nzuri. Yaani kichochoro ambacho bajaji mbili hazipishani kinahitaji kikao cha wakazi, ila makutano yanayobeba magari ya nusu ya jiji hayahitaji kikao cha mtu yeyote. Hapo mantiki yake mimi siioni.

Na wenyeji wa jiji hili hawajawahi kushindwa kutaja mahali kwa heshima ya mtu. Panda gari la Mbagala usikilize vituo: Mtoni kwa Aziz Ali. Tandale kuna kwa Mtogole, Mwananyamala kuna kwa Kopa. Hakuna tangazo la serikali lililoleta majina hayo. Alikuwepo mtu pale, watu walimjua, mji ukamzunguka, jina likabaki. Aziz Ali huyo ndiye baba yake Dossa Aziz, mmoja wa watu waliotoa mali zao ili TANU isimame ilipoanzishwa mwaka 1954, hadi gari la chama likatoka mfukoni mwake. Ni historia nzito, na maelfu wanashuka kituo kile kila siku bila kuijua, maana hakuna hata kibao cha kuwaambia.

Hapo nataka tukae kidogo. Kuna jamaa wanasema mjadala wenyewe ni bure kwa sababu majina haya hayashiki: konda bado anaita "Tazara, Tazara", na ukimwambia dereva wa bodaboda akupeleke Kijazi atakuuliza ndiyo wapi, umjibu Ubungo Mataa, ingawa mataa yale ya zamani hayapo tena. Ni kweli kwa leo. Lakini tazameni Shekilango, hapo hapo Ubungo. Jina limeshika mpaka limezidi. Konda anapiga bodi, "Shekilango ipo?", abiria anajibu "ipo, shusha", na ukiwauliza wote wawili hawajui kwamba Hussein Shekilango alikuwa waziri aliyefariki kwa ajali ya ndege. Jina lilishika, mtu akapotea. Kwa hiyo kushika au kutoshika kwa jina si kipimo. Kipimo ni je, kuna watu mahali pale wenye sababu ya kumsimulia huyo mtu kwa watoto wao? Kwa kiongozi wa kitaifa aliyepita ofisini miaka mitano, mara nyingi hawapo. Kwa mzee aliyegawa kiwanja chake ijengwe shule ya kata, au mama aliyekusanya wanawake wa mtaa mpaka zahanati ikapatikana, wapo tele.

Mfano wa jina lililokaa vizuri tunao: Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mtoto wa Dar es Salaam, mwimbaji wa ngoma, aliyewatoa wanawake majumbani wakaijaza TANU. Baadaye akafungwa kwa kesi ya uhaini, akatoka mwaka 1972, akaishi kimya. Barabara haikumtoa gizani mara moja, lakini leo ukisimama Mnazi Mmoja ukamwambia mtoto huyu alikuwa nani, unamwambia ukiwa kwenye mji wake.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni hii: ukiwaachia wenyeji utaleta vita. Kila ukoo utakuja na babu yake, madiwani watapenyeza wafadhili wao, na suala la dini nalo litaingia. Siipuuzi. Lakini jina la kushushwa kutoka juu nalo halizuii vita. Nairobi mwaka 2021 barabara ya Dik Dik, Kileleshwa, ilibadilishwa ikapewa jina la Francis Atwoli wa COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya, mtu aliye hai na aliye madarakani. Kibao kiling'olewa, kikarudishwa, kikachomwa moto. Wenyeji wakibishana kwenye kikao, angalau ubishi unaishia kwenye kikao.

Na ile ya kwamba fedha ni za taifa zima kwa hiyo jina liwe la kitaifa, mbona shule na hospitali zinajengwa kwa kodi hiyo hiyo na zinabeba majina ya vijiji?

Pendekezo langu ni hili. Asipewe mtu aliye hai, wala aliyefariki juzi msiba ukiwa bado mbichi. Ipite angalau miaka kumi. Mitaa inayozunguka makutano ilete majina yasiyozidi matatu, kila jina na maelezo ya alichokifanya pale pale. Halmashauri ichague hadharani. Na chini ya daraja, upande wanakopita watembea kwa miguu, kiwekwe kibao cha Kiswahili chenye maelezo yanayosomeka, siyo lile jiwe la uzinduzi lenye jina la mgeni rasmi kwa herufi kubwa.

Mimi naanza na Kilwa Road. Ile barabara ya juu ya Kurasini, ambayo watu wanaiita Uhasibu, iitwe Aziz Ali. Kila anayekwenda Mtoni kwake anapita pale. Najua kuna atakayesema huyo ana kituo tayari, tuwape na wengine. Sawa, basi tajeni huyo mwingine, mseme aliwafanyia nini watu wa Temeke. Wa Buguruni na Mwenge nanyi leteni wenu.